UZI: Stephen Hopkins, mlowezi aliyeponea hukumu ya kifo Bermuda, kisha akarudi baharini na mke mja mzito

Mzee wa Ngalawa (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Novemba ndugu zetu walioko Marekani wanatupia picha za bata mzinga, na humu lazima atokee mtu aulize ile sikukuu yao ya Shukrani (Thanksgiving) ni ya nini hasa. Anajibiwa kwa mistari miwili: Waingereza walikwenda na meli ya Mayflower, wakala na wenyeji, wakamshukuru Mungu. Basi, mada inafungwa.

Leo nataka tumchukue mtu mmoja tu kati ya wale abiria 102 tumfuate toka ubatizo mpaka wosia. Wachungaji na magavana wameshaandikwa vya kutosha. Mimi nimemchagua mkorofi.

Stephen Hopkins alibatizwa tarehe 30 Aprili 1581 katika kijiji cha Upper Clatford, jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Alioa mke aitwaye Mary, wakakaa Hursley, jimbo hilohilo. Wakapata watoto watatu: Elizabeth, Constance (aliyebatizwa 1606) na Giles (mapema 1608). Mtoto wa mwisho bado anatambaa, baba mtu akaaga. Mwaka 1609 akapanda Sea Venture, meli kuu ya msafara wa kupeleka watu na chakula Jamestown, koloni la Virginia. Kazi yake ilikuwa ukarani wa mchungaji Richard Buck. Alikuwa anasoma zaburi siku za Jumapili. Shikeni hilo, maana huyu bwana Maandiko aliyajua, na ndiyo yaliyomponza.

Mwisho wa Julai wakakutana na kimbunga. Siku nne usiku na mchana watu wanachota maji kwa ndoo, matajiri kwa makabwela, mpaka meli ikaenda kubanwa katikati ya miamba ya Bermuda. Walikuwa kama 150 na wote walitoka hai. Visiwa havikuwa na mtu. Kulikuwa na nguruwe mwitu, kasa, ndege wanaokamatwa kwa mkono. Kwa mtu aliyezoea Uingereza ya wakati ule, ya mkate wa kupimiwa, hapo pepo imefika.

Ngoja niweke chai, naendelea.

Chaulaya

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Mkuu usije ukatuacha Bermuda kama ulivyotuacha kwenye uzi wa reli.

Mzee wa Ngalawa

Siwaachi.

Sasa gavana, Sir Thomas Gates, anataka wajenge mashua mbili wakaendelee Virginia. Hopkins akaanza kunong'ona na wenzake. Hoja yake, kama alivyoiandika William Strachey aliyekuwepo palepale kisiwani, ilikuwa hivi: sisi tuliahidi kumtii gavana kule Virginia. Meli imevunjika, hapa si Virginia, kwa hiyo amri yake imezama na meli. Kila mtu sasa ni huru kujitafutia riziki yake na ya familia yake. Tena chakula hapa kipo tele, na huko tunakopelekwa ni njaa na kazi za sulubu. Na haya yote aliyasema huku akinukuu Biblia.

Wawili aliowashawishi wakaenda kumchoma. Januari 1610 akatiwa pingu, akasimamishwa mbele ya kundi zima, akahukumiwa kifo kwa uasi.

Yule mtaalamu wa hoja akayeyuka palepale. Strachey anasema alilia sana, akataja mkewe na wanawe watakavyoangamia, mpaka wakubwa wa msafara, Strachey mwenyewe na nahodha Newport wakiwemo, wakaenda kumpigia magoti gavana. Akasamehewa. Mwenzake mmoja, Henry Paine, alipoleta ukaidi wake wiki kadhaa baadaye hakubahatika: alipigwa risasi.

Mei 1610 mashua mbili, Deliverance na Patience, zikafika Jamestown. Walikuta watu kama 60 tu wamebaki hai. Walioingia kwenye majira yale ya njaa walikuwa mamia. Kwa maneno mengine, karani wa zaburi alikuwa sahihi kuhusu njaa.

Wakili wa Mtaa

Mkuu, kisheria huyu jamaa alikuwa na hoja nzito kuliko unavyoitania. Mkataba wa kazi unataja mahali. Mahali pakibadilika kwa ajali ambayo si kosa la mfanyakazi, swali la nani ana mamlaka ni swali halali kabisa. Kosa lake ni kuliuliza kisiwani ambako hakimu, mlalamikaji na mwenye bunduki ni mtu mmoja.

Mzee wa Ngalawa

Hapo umenena, na uiweke akiba hoja hiyo, tutaikuta tena miaka kumi mbele.

Dada Mwasi

Na Mary je? Maana naona tunasafiri na baba tu. Kijana mwenye watoto watatu anapanda meli, mke anabaki Hursley anakula nini?

Mzee wa Ngalawa

Dada umenigusa pale nilipotaka kufika.

Mary alizikwa Hursley tarehe 9 Mei 1613. Siku tatu baadaye mali yake ikawekwa chini ya wasimamizi mpaka watoto wakue. Kwenye karatasi za mirathi ameandikwa "mjane". Mumewe yu hai ng'ambo ya bahari, na kijijini ameshahesabiwa marehemu. Constance alikuwa na miaka saba, Giles mitano.

Hizi karatasi zenyewe zilikuja kugundulika miaka ya 1990 mwishoni. Kabla ya hapo wapenda nasaba walikuwa wamempachika Hopkins kijiji kingine kabisa, Gloucestershire, na mke wa kwanza wa jina lingine mwenye ukoo wa kifahari. Mpaka leo kuna watu wamechapisha miti ya familia yenye mke asiye wake. Mary wa Hursley, aliyekufa akiitwa mjane, alisubiri karibu miaka 400 kurudishiwa ndoa yake.

Dada Mwasi

Nimekaa kimya kidogo kwa hili. Endelea.

Mzee wa Ngalawa

Hopkins akarudi Uingereza. Februari 1618 akaoa tena, Whitechapel, London. Bibi harusi ni Elizabeth Fisher. Wakapata binti, Damaris.

Hapa ndipo mimi simwelewi kabisa. Umeshaonja kimbunga, pingu na Jamestown, mke wa kwanza amefia mgongoni mwako. Umepata mke mpya na watoto wako wako nawe. Unafanya nini? Unapanda Mayflower mwaka 1620, safari hii umebeba kaya nzima: mke mja mzito, Constance miaka 14, Giles 12, Damaris mdogo, na watumishi wa mkataba wawili, Edward Doty na Edward Leister. (Yule Elizabeth binti mkubwa hayumo kwenye orodha ya meli.)

Walikaa majini siku 66. Elizabeth akajifungulia katikati ya Atlantiki, chini ya sitaha, watu wamebanana na mbuzi na mapipa. Mtoto wa kiume. Wakamwita Oceanus. Ni yeye peke yake aliyezaliwa njiani.

Bibi Tanganyika

Sisi wa pwani tungemwita Bahari na tungekuwa tumemaliza. Jamani huyo mama! Kujifungua juu ya mawimbi, na mume aliyeshazama mara moja ndiye anakwambia usiogope.

Mzee wa Ngalawa

Hahaha. Bibi, hakuzama, alikwama. Lakini hoja imepokelewa.

Turudi kwa Wakili wa Mtaa. Hati yao ya kuweka makazi ilikuwa ya eneo la Virginia, ambalo kaskazini liliishia karibu na mto Hudson. Wakatokea Cape Cod, kaskazini zaidi, nje ya hati. Na melini kulikuwa na makundi mawili: waumini waliojitenga na kanisa la mfalme, na wengine wasio wa jumuiya yao, akina Hopkins. William Bradford, aliyekuja kuwa gavana, anaandika kwamba baadhi ya hao wengine walianza kusema wakishuka pwani watatumia uhuru wao wenyewe, kwa kuwa hakuna mwenye mamlaka juu yao. Hati ni ya Virginia na hapa si Virginia.

Mnaisikia sauti hiyo? Bradford hakutaja majina, na mimi sitamsingizia mtu. Ila melini alikuwemo mtu mmoja aliyewahi kuhukumiwa kufa kwa sentensi hiyohiyo.

Safari hii hawakumtia mtu pingu. Tarehe 11 Novemba 1620, kwa kalenda yao ya zamani, waliandika makubaliano mafupi ya kujitengenezea serikali, wanaume 41 wakatia saini. Hopkins alisaini. Hata watumishi wake wawili walisaini.

Wakili wa Mtaa

Basi mwaka 1610 swali lilijibiwa kwa hukumu ya kifo na 1620 likajibiwa kwa karatasi. Swali ni lilelile. Nitaliiba hili kwa wanafunzi wangu.

Kanali Mstaafu

Samahani mleta mada, maana naona tunashangilia. Karatasi ya kujigawia madaraka juu ya ardhi ya nani? Wenyeji walisaini wapi? Hao ni walowezi kama walowezi wengine, tuwaite jina lao.

Mzee wa Ngalawa

Kanali, sina ugomvi na wewe, kichwa cha uzi kinasema mlowezi. Na kitu cha kwanza walichofanya kinakuunga mkono. Siku chache baada ya kutia nanga, watu 16 walishuka na Myles Standish kupekua pwani, Hopkins akiwa mmoja wa washauri kwa sababu ndiye aliyekuwa na uzoefu wa Amerika. Walifukua vilima vya mchanga wakakuta vikapu vya mahindi ya watu, akiba ya mbegu. Wakabeba. Walifukua na makaburi pia.

Katika matembezi hayohayo walikuta mti mchanga umepindwa, chini kuna kamba na mbegu za mwaloni zimetawanywa. Hopkins akawaambia huu ni mtego wa paa. Bradford alikuwa nyuma, hajasikia, akaja anashangaa shangaa, mtego ukamfyatua mguu. Gavana mtarajiwa ananing'inia kwa tanzi la wenyeji. Wenyewe waliusifu sana ufundi wa ile kamba.

Majira ya baridi yakaua karibu nusu ya abiria. Kaya ya Hopkins, kwa namna nisiyoweza kuieleza, haikuzika mtu kipindi hicho. Wanawake walioolewa waliobaki hai baada ya mwaka mmoja walikuwa wanne, Elizabeth mmoja wao.

Dada Mwasi

Wanne? Na ile karamu ya bata mzinga?

Mzee wa Ngalawa

Ndiyo. Vuli ya 1621: Waingereza kama 50, akaja mfalme wa Wampanoag, wenyeji wa pale, aitwaye Massasoit, na wanaume 90. Siku tatu. Wageni wenyewe walikwenda kuwinda wakaleta paa watano. Wake wa kusimamia jiko walikuwa wanne, wakisaidiwa na wasichana wa umri wa Constance na watumishi.

Dada Mwasi

Sasa nimejua sikukuu ile ni ya kumshukuru nani.

Mzee wa Ngalawa

Nimerudi, umeme ulikatika.

Kabla ya karamu. Tarehe 16 Machi 1621 mwanamume mmoja mrefu, karibu uchi, alitembea peke yake mpaka katikati ya kijiji akawakaribisha kwa Kiingereza. Ni Samoset, lugha ameipata kwa wavuvi wa pwani ya Maine. Akaomba bia. Walimpa pombe kali, biskuti, siagi, jibini na kipande cha bata, wakamvika koti maana upepo ulikuwa umeanza. Usiku ukaingia, hataki kuondoka. Alale wapi? Wakampeleka nyumbani kwa Stephen Hopkins, na wakamlinda usiku kucha.

Julai wakatumwa Hopkins na Edward Winslow kwenda kwa Massasoit mwenyewe, safari ya miguu, kiongozi wao Tisquantum, yule aliyewahi kutekwa na nahodha wa Kiingereza mwaka 1614 akauzwa Hispania, na aliporudi akakuta kijiji chake chote cha Patuxet kimeisha kwa maradhi. Kijiji cha Waingereza, Plymouth, kilijengwa juu ya mashamba yale. Zawadi walizobeba ni koti jekundu na mkufu wa shaba. Ujumbe wao mmojawapo: mahindi tuliyochukua, tunaomba mwenyewe atafutwe tumlipe. (Kanali, naweka hili pia kwenye mizani. Walilipa baadaye.)

Massasoit alifurahi lakini chakula hakuna. Akawapa heshima kubwa: walale kwenye kitanda chake, yeye na mkewe upande mmoja, wao upande mwingine, juu ya mbao na mkeka mwembamba. Mara wakaja wakubwa wengine wawili wakajibana humohumo. Usiku kucha wenyeji wanaimba mpaka usingizi uwachukue, chawa na viroboto ndani, mbu nje. Kesho yake vikapatikana samaki wawili, wakagawana watu 40. Winslow anasema malazi yaliwachosha kuliko mwendo.

Chaulaya

Hiyo ni gesti ya stendi kabisa. Mimi nimelala humo.

Mzee wa Ngalawa

Lakini utagundua, kila panapotakiwa mtu wa kukaa na wenyeji, anatafutwa Hopkins. Alikwenda, akala kilichokuwepo, akalala palipokuwepo.

Nyumbani kwake sasa. Juni 1621 watumishi wake wale wawili walipigana kwa upanga na jambia, mmoja akaumia mkono na mwingine paja. Hukumu: wafungwe kichwa na miguu pamoja saa 24 bila chakula. Baada ya saa moja tu maumivu yao yakawa makubwa, Hopkins akaenda kuwaombea, wakafunguliwa. Niliposoma hapo nilikumbuka Bermuda. Anajua mtu anavyolia akifungwa.

Akapanda cheo. Kati ya 1633 na 1636 alikuwa msaidizi wa gavana. Kisha ukaanza mfululizo. 1636 akatozwa faini kwa kumpiga mtu: pauni 5 kwa mfalme na shilingi 40 kwa aliyepigwa. 1637, kwa kuwaacha watu wakinywa nyumbani kwake na kucheza mchezo wa kusukuma visahani mezani siku ya Bwana. 1638, kwa kuuza peni mbili bia isiyozidi peni moja. 1639, kwa kioo cha kujitazamia alichouza peni 16 wakati koloni jirani la Massachusetts Bay kinapatikana kwa 9. Mheshimiwa kumbe ana kilabu.

Bibi Tanganyika

Kioo cha peni 9 kwa 16! Huyu angepata fremu Kariakoo.

Mzee wa Ngalawa

Bibi, hilo la kioo nalicheka. Lisilochekesha ni la Dorothy Temple.

Alikuwa mtumishi wake wa ndani. Akapata mimba ya kijana aitwaye Arthur Peach, na Peach huyo akanyongwa 1638 na wenzake wawili kwa kumuua na kumpora mwenyeji aliyekuwa akisafiri na bidhaa zake. Binti akabaki na mtoto wa mtu aliyenyongwa, mkataba wake bado una miaka miwili. Hopkins akasema atoke kwangu. Mahakama ikasema hapana, ni mtumishi wako, utamtunza yeye na mtoto mpaka muda uishe. Akakataa. Wakamweka ndani kwa kudharau amri. Akakataa bado. Mwisho akamlipa mtu mwingine pauni 3 achukue mkataba wa Dorothy.

Aliyelia Bermuda ahurumiwe kwa ajili ya mke na watoto ndiye huyu. Sina la kumtetea.

Kanali Mstaafu

Hapa umekuwa muungwana. Na ule urafiki na Massasoit uliishia wapi?

Mzee wa Ngalawa

Uliishia kwa watoto. Mtoto wa Massasoit, Metacom, aliingia vitani na Waingereza 1675. Agosti 1676 akauawa, kichwa chake kikatundikwa juu ya mti Plymouth kikakaa miaka. Mateka wengi wakauzwa utumwani visiwa vya Karibi. Constance Hopkins alikuwa bado hai, alifariki Oktoba 1677. Msichana ambaye baba yake alimlaza Samoset nyumbani aliishi mpaka akayasikia hayo.

Mgeni wa Brockton

Mimi naishi saa moja kutoka Plymouth, nimekwenda na wanangu. Lile jiwe maarufu wanalosema walikanyagia ni dogo, limechongwa 1620, limewekwa kwenye shimo, unalitazama kwa juu kama kisima. Mwanangu aliuliza, "Ndilo hili tu?" Ukipanda kilima pale juu kuna sanamu ya Massasoit anaangalia bahari, na tangu 1970 siku ya sikukuu wenyeji hukusanyika hapo kuomboleza. Chini watu wananunua fulana.

Mzee wa Ngalawa

Ahsante sana ndugu. Namalizia na wosia, ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Tarehe 6 Juni 1644, mgonjwa, akaandikisha. Mkewe Elizabeth ameshatangulia, mzee anaomba azikwe karibu naye. Oceanus alikufa mdogo, na Damaris yule wa melini pia, maana alizaliwa binti mwingine akapewa jina hilohilo. Walio hai: Constance na Giles wa mama wa kwanza, Caleb na mabinti wanne wa mama wa pili. Nyumba na ardhi kwa Caleb, na jozi ya maksai.

Kumbukeni ng'ombe wa kwanza walifika koloni lile 1624: mitamba mitatu na fahali mmoja. Mwaka 1627 mifugo iligawanywa kwa mafungu 12 ya watu 13, ng'ombe mmoja watu kadhaa. Sasa msikilizeni mzee. Fahali mkubwa, ambaye yuko kwa Bi Warren, apewe Giles. Mjukuu, mtoto wa Giles, apewe shilingi 20 ambazo Bi Warren anadaiwa kwa kumkodi huyo fahali. Constance, farasi jike. Deborah, yule mweusi mwenye pembe pana na ndama wake, na nusu ya Motley. Damaris, mtamba anayeitwa Damaris, ndama mwenye uso mweupe, na nusu nyingine ya Motley. Ruth, ng'ombe Red Cole na ndama wake. Elizabeth, ng'ombe Smykins na ndama wake.

Chaulaya

Nusu ya Motley inagawanywaje? Mbele na nyuma?

Mchungaji wa Shinyanga

Kaka Chaulaya, wewe ni wa mjini. Nusu ya ng'ombe haigawanywi kwa kisu. Mmoja anakamua msimu huu, mwenzake msimu ujao, na ndama wa kwanza wa huyu, wa pili wa yule. Baba yangu aliacha hivyohivyo kwa dada zangu wawili, na walikuwa hawasalimiani. Walianza kusalimiana kwa sababu ya yule ng'ombe, maana lazima uulize amelala vipi.

Na fahali kuwa kwa mama mwingine si ajabu, mifugo haiwekwi boma moja. Huyu mzee wa Kiingereza ningekaa naye. Mkuu, hao wawili wa Motley, Deborah na Damaris, walielewana?

Mzee wa Ngalawa

Damaris aliolewa na Jacob Cooke, Deborah na Andrew Ring, wote wa Plymouth. Habari za Motley zinaishia kwenye wosia.